UKUNGU KATIKA MADARASA: TUANZE NA MAJI, RANGI BAADAYE

Somo letu la leo lahusu ule weusi unaotokea kwenye kuta za madarasa wakati wa mvua, na ile harufu ya uvundo inayokupokea mlangoni Jumatatu asubuhi. Wengi wetu tumeizoea. Tulisoma ndani ya harufu hiyo, na sasa watoto wetu wanasoma ndani yake.

Tumelichagua somo hili kwa sababu vikundi vingi huombwa na shule kuchangia ukarabati. Pesa ya kikundi ni pesa ya jasho. Ni ya mayai, ya maziwa, ya mchango wa kila wiki. Basi kabla ya kuitoa ni vizuri tujue ugonjwa wa jengo, ili tusinunue dawa isiyofaa. Tunaomba anayejua kusoma awasomee wengine polepole, sehemu moja moja, na mjadiliane. Mwisho wa somo kuna maswali.

Ukungu ni nini?

Wengine huita ukungu, wengine huita kuvu. Hapa tutasema kuvu, ili tusichanganye na ukungu wa asubuhi unaofunika milima. Kuvu si uchafu tu. Ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Huzaa kwa mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na mbegu hizo huchukuliwa na hewa. Ziko kila mahali: shambani, barabarani, hata katika chumba unachokaa sasa.

Ili mbegu hizo ziote zinahitaji vitu viwili, chakula na maji. Chakula cha kuvu ni mbao, karatasi, silingi ya ubao laini, vumbi, hata rangi ya ukutani. Katika shule chakula hicho hakiishi. Mbegu nazo hatuwezi kuzimaliza. Kitu kimoja tu kiko mikononi mwetu, nacho ni maji. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya siku moja au mbili, kwa kawaida kuvu haipati nafasi. Kikikaa na maji zaidi ya hapo, itaota. Mtu akielewa jambo hili moja, ameelewa nusu ya somo.

Inadhuru vipi?

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu ndani ya majengo. Lilisema kwamba watu wanaokaa katika majengo yenye unyevu na kuvu hupata zaidi shida za kifua: kukohoa, kubanwa na pumzi, mafua yasiyoisha, na pumu. Shirika hilo halikuweka kipimo cha kuvu ambacho ni salama. Lilisema dawa ni kuzuia unyevu usiingie, na ukiingia uondolewe.

Si kila mtoto ataugua. Watoto 40 watakaa darasa moja, na labda watano ndio watakaokohoa usiku. Kwa sababu hiyo watu husema, "Kama ni ukuta, mbona wengine wako sawa?" Lakini mwenye pumu au mzio huumia pale ambapo jirani yake hasikii chochote. Mtoto hukaa darasani saa sita au saba kila siku ya shule. Ukiona mtoto anakohoa siku za shule na kupata nafuu wakati wa likizo, liangalie na darasa pia. Usimwangalie mtoto peke yake.

Jambo lingine, hatuna haja ya kupeleka kuvu maabara ili ijulikane ni ya aina gani. Iwe nyeusi, ya kijani au nyeupe, kazi ni ile ile: kutafuta maji, kukausha, kusafisha.

Maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea. Wanaona doa, wananunua rangi. Katika shule moja ya sehemu za baridi, wazazi walichanga na kupaka darasa rangi mpya wakati wa likizo ya Aprili. Kufikia Julai doa lilikuwa limerudi pale pale, na rangi inabanduka kama ngozi ya kiazi. Fundi hakuwa mbaya, wala rangi haikuwa mbaya. Maji yalikuwa bado yanaingia chini ya ukuta, na hakuna aliyeyauliza yanatoka wapi.

Doa lenyewe linasema, kama tukilitazama vizuri.

1. Doa likiwa juu, karibu na dari au kwenye silingi, na likiongezeka baada ya mvua, maji yanatoka kwenye paa. Angalia misumari ya mabati iliyolegea, mabati yaliyotoboka kwa kutu, na mahali mabati mawili yanapokutana.

2. Doa likiwa chini, kuanzia sakafuni na kupanda hadi magotini au kiunoni, plasta ikichomoka na kuacha unga mweupe kama chumvi, maji yanatoka ardhini. Huenda ukuta ulijengwa bila ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu ambayo mafundi huita DPC. Au udongo wa nje umerundikana mpaka umezidi sakafu ya ndani. Au maji ya paa yanaanguka pale pale kwenye msingi na kurukia ukuta.

3. Doa likiwa kwenye pembe, nyuma ya kabati au ukuta wa upande usiopata jua, na asubuhi mabati yanadondosha matone hata kama usiku haikunyesha, hayo ni maji ya hewa ya ndani. Ni pumzi ya watoto wenyewe. Pumzi na jasho la watoto 50 hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa saa. Mahali pa baridi madirisha yakifungwa, maji hayo hugeuka umande kwenye mabati na kuta.

Mkiwa na shaka kati ya ukuta na hewa, fanyeni jaribio hili. Chukueni kipande cha nailoni safi, kama ile ya kufunikia vitabu, upana wa futi moja hivi. Kibandikeni ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Ngojeni siku mbili. Maji yakionekana nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi ukuta umebeba maji. Yakionekana mbele, upande wa chumba, ni umande wa hewa. Jaribio hili halina gharama, nalo laweza kuokoa mchango wa mwaka mzima.

Mara nyingine shule moja ina shida zote tatu. Msikate tamaa. Anzeni na paa, halafu ardhi, halafu hewa.

Hesabu ya maji ya paa

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Darasa la kawaida lina urefu wa mita 7.5 na upana wa mita 6, yaani mita za mraba 45. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya jioni moja katika msimu, itamwaga juu ya darasa hilo lita 900. Hapo hatujahesabu upenu. Jengo la madarasa matatu ni lita 2,700 kwa jioni moja tu.

Kama hakuna gata, lita hizo zote zinaanguka kando ya msingi. Zinachimba mtaro, zinarusha matope ukutani, zinanyweka chini ya sakafu. Kama gata ipo na tangi lipo, hata tukitoa kidogo kwa maji yanayopotea, tangi la lita 5,000 laweza kujaa kwa mvua mbili tatu za namna hiyo. Watoto watanawa mikono, na hakuna atakayetumwa mtoni na kibuyu. Maji yanayoharibu ukuta ni yale yale tunayolia kwamba hatuna.

Kwa hiyo kikundi kikiwa na pesa kidogo, tunashauri gata zitangulie rangi. Gata ziwe na mteremko kuelekea tangini, na majani yatolewe kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba. Tangi likijaa, maji yanayofurika yapelekwe mbali kwa mtaro. Yasirudi kwenye msingi.

Kazi ya ardhi haihitaji pesa, inahitaji majembe. Ondoeni udongo uliorundikana ukutani mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Uwanja uteremke kutoka kwa jengo, usiteremke kuelekea jengo. Chimbeni mtaro upande wa juu wa mteremko ili maji ya mlimani yapite kando. Maua na miti iliyobanana na ukuta ipunguzwe, jua liufikie.

Hewa nzito

Hata darasa lisilo na doa laweza kuwa na hewa mbaya. Ukiingia darasani saa tano asubuhi na kusikia hewa nzito yenye joto na jasho, jua kwamba watoto wanavuta tena hewa waliyoitoa. Kichwa huuma, usingizi huja. Mwalimu husema watoto ni wavivu, kumbe hewa imechoka.

Tena hewa iliyofungiwa hubeba magonjwa. Vijidudu vya kifua kikuu hutoka kwa mgonjwa anapokohoa na kuelea hewani kwa saa nyingi. Tulijifunza jambo hili kwa uchungu wakati wa korona, shule zilipofungwa Machi 2020 na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Wakati huo kila mtu alisema madirisha yafunguliwe. Leo madirisha mengi yamefungwa tena.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema darasa la mita 7.5 kwa 6 liwe na wanafunzi wasiozidi 40 wakikaa wawili wawili kwa dawati, na madirisha yawe rahisi kufunguliwa. Sote twajua kwamba tangu elimu ya msingi ifanywe ya bure mwaka 2003, madarasa mengi yamepita idadi hiyo. Kikundi hakiwezi kuwafukuza watoto. Lakini hewa kinaweza kuiongeza.

Hewa hupita vizuri ikiwa na mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea. Dirisha la upande mmoja tu halitoshi, fungueni na la upande wa pili. Yale matundu ya hewa juu ya madirisha yasizibwe kwa magunia wala makaratasi. Dirisha lililopigiliwa mbao kwa sababu ya wezi litengenezwe lifunguke mchana na kufungwa usiku. Julai, baridi ikizidi, fungueni madirisha ya juu kidogo siku nzima, na kila mapumziko fungueni mlango na madirisha yote kwa dakika kumi watoto wakiwa nje. Mchague watoto wawili kwa zamu wawe wasimamizi wa madirisha. Kazi hiyo wataipenda.

Na likizo je? Shule hufungwa Aprili, na hapo ndipo mvua ya masika huwa kali. Hufungwa tena mwisho wa mwaka, na mvua za vuli bado zinanyesha. Darasa hukaa limefungwa majuma kadhaa na unyevu wote ndani. Kikundi kinaweza kupanga watu wa kwenda mara mbili kwa wiki kufungua madarasa siku za jua. Kuvu hupenda nyumba isiyo na mwenyewe.

Moshi na makaa

Jiko la shule likiwa karibu na madarasa, angalieni upepo unapeleka moshi wapi saa za kupika. Jiko lililoinuliwa lenye bomba la moshi lililopita juu ya paa hupunguza moshi na kuni pia, na mpishi ataacha kulia kila siku. Kuni zianikwe kwanza, maana kuni mbichi ni moshi mtupu.

Tunaonya sana juu ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, iwe darasa la chekechea au bweni. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Mtu hulala, asiamke. Msikubali hata siku moja, hata baridi ikiwa ya namna gani.

Stoo ya chakula

Shule nyingi huweka mahindi na maharagwe kwenye pembe ya darasa au chumba kisicho na dirisha. Ule unyevu unaoleta doa ukutani huleta kuvu ndani ya gunia. Kuvu ya mahindi ni hatari zaidi, kwa maana aina zake nyingine hutengeneza sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 hapa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Kuichemsha hakuiondoi.

Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi yakiletwa, yapimeni kwa chumvi: tieni punje na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, mtikise, mngoje dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Mahindi yaliyoota kuvu watoto wasile, wala kuku wasipewe.

Namna ya kusafisha

Maji yakishazuiwa, ndipo tusafishe. Siku ya kazi watoto wasiwepo, na mwenye pumu apewe kazi ya nje. Fungueni madirisha yote. Vaeni glavu na mfunike pua na mdomo kwa barakoa.

Ukuta mgumu wa simiti au mawe usuguliwe kwa brashi, maji na sabuni, halafu upanguswe na kuachwa ukauke kabisa. Msifagie kuvu kavu, mtarusha mbegu chumba kizima. Sabuni inatosha. Mkitumia dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, msiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, maana baadhi zikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Silingi ya ubao laini, makaratasi na mikeka iliyoota kuvu haisafishiki. Itolewe. Kabati zisogezwe kutoka ukutani upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma.

Kuna onyo moja kubwa. Kama paa ni la asbesto, yale mabati ya kijivu ya zamani yanayofanana na simiti, msiyasugue, msiyakwaruze, msiyavunje. Vumbi lake huleta saratani. Serikali iliyapiga marufuku mwaka 2006, lakini baadhi ya majengo ya zamani bado yanayo. Mwambieni mwalimu mkuu ili bodi ya shule iwasiliane na NEMA.

Rangi iwe ya mwisho, ukuta ukiwa mkavu kwa majuma kadhaa. Jambo hili si geni. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 14 kuna sheria ya nyumba yenye doa ukutani. Nyumba ilitolewa vyombo kwanza, ikafungwa siku saba, ikaangaliwa tena. Mawe yenye doa yaling'olewa, kuta zikakwaruzwa, zikapigwa plasta mpya. Doa likirudi, nyumba ilihesabiwa kuwa bado ni mbovu. Hata wakati ule hawakukubali kufunika doa na kwenda zao.

Mpango wa kazi wa kikundi

Wiki ya kwanza: mwombeni mwalimu mkuu ruhusa, mzunguke shule nzima pamoja naye na mtu wa chama cha wazazi. Chukueni daftari. Kila darasa liandikwe: doa liko wapi, juu, chini au pembeni, madirisha mangapi yanafunguka, watoto ni wangapi.

Wiki ya pili: bandikeni nailoni pale mlipo na shaka, na mwende tena wakati mvua inanyesha. Mvua itawaonyesha mambo ambayo fundi hatawaonyesha.

Wiki ya tatu: fanyeni kazi za majembe, mitaro, misumari ya mabati na matundu ya hewa. Hizi ni za nguvu zetu wenyewe.

Wiki ya nne: kaeni na bodi ya shule mpange pesa. Gata na paa kwanza, madirisha pili, plasta tatu, rangi mwisho. Ombeni bei kwa mafundi wawili au watatu kabla ya kukubali.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati moja lililolegea leo lahitaji msumari na dakika tano. Likiachwa misimu mitatu litadai silingi, plasta na mbao, na mtoto wa mtu atakuwa amekohoa miaka mitatu bila wazazi kujua ni kwa nini.

Maswali ya kujadili

1. Katika shule yetu, doa liko juu, chini au pembeni? Hilo latuambia nini?
2. Mara ya mwisho tulipochangia ukarabati, pesa ilifanya nini? Je, kazi hiyo bado inaonekana?
3. Paa la shule yetu lina mita ngapi za mraba? Mvua ya milimita 20 ingetupa lita ngapi?
4. Nani atafungua madarasa wakati wa likizo ya Aprili? Andikeni majina.
5. Na nyumbani kwetu je? Chumba wanacholala watoto kina dirisha linalofunguka?